Siku niliyokiamkia kiti

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cha bluu, kama vile vinavyokodishwa kwenye misiba. Mguu mmoja ulikuwa umeungwa kwa waya. Dada mnasihi, mtaalamu niliyekuwa nakwenda kwake kwa tiba ya mazungumzo, alikivuta kutoka kwenye kona, akakiweka mbele yangu, hatua mbili hivi, akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote: "Kaka, tufanye baba amekaa hapa. Mwambie hilo unaloniambia mimi."

Nikakitazama. Nikakaa vizuri. Nikateremsha mkono uliokuwa kidevuni, nikavuta suruali magotini. Kisha mdomo ukasema wenyewe:

"Shikamoo, baba."

Halafu nikasubiri.

Aliyelelewa kwetu anajua kwamba ukishatoa shikamoo husemi neno jingine mpaka ipokelewe. Huwezi kuanza habari zako wakati shikamoo bado inaning'inia. Basi nikasubiri. Feni ya darini ilikuwa inazunguka, na kila ikifika mahali fulani inagonga kidogo. Nje kulikuwa na bodaboda inakataa kuwaka, mwenyewe anaipiga kiki, anapumzika, anaipiga tena. Nikaisubiri marahaba ya baba, ile ndefu, "marahabaaa mwanangu", kama mtoto aliyesimamishwa mlangoni na viatu mkononi. Bodaboda ikawaka, ikaondoka.

Haikuja.

Ningelia pengine ningetoka na nafuu. Sikulia, nilikasirika. Nilimwambia dada yule kuwa muda umeisha, ingawa saa ya ukutani ilikuwa na dakika 20 zaidi, nikalipa, nikashuka ngazi bila kuaga.

Hiyo ni wiki saba zilizopita, na kiti kile hakijanitoka.

Rafu ya tatu kutoka juu

Mnaonifuata humu mnajua kazi yangu. Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa Tabata, mwaka wa 11 huu, na baadhi yenu bado nawadai.

Baba alifariki Machi mwaka jana, nyumbani Ngamiani, Tanga. Habari ilinikuta Segera, basi limesimama watu wananunua machungwa. Mdogo wangu alipiga akauliza nimefika wapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi njoo tu kaka, usiwe na haraka."

Ukishaambiwa usiwe na haraka, huulizi tena.

Nilifika jeneza linatoka nyumbani. Nikapata kulibeba hatua chache, nikapata kutupa mchanga. Zaidi ya hapo sina.

Siku tisa kabla, baba alikuwa amenipigia. Foleni dukani ilikuwa imefika barazani. Nikamwambia, "Baba, nina wateja, nitakupigia." Sikumpigia. Simu yangu imeyahifadhi maongezi yale, na nimeyaangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri: sekunde 41.

Mwezi Mei nikaanza kuamka saa tisa usiku. Kifua kinabana, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nikapima moyo, mzima. Nikajitibu vidonda vya tumbo, maana Dar es Salaam usipojua unaumwa nini basi unaumwa vidonda vya tumbo. Nikasomewa dua, nikapata usingizi siku nne. Ya tano nikaamka saa tisa.

Ndipo nikaingia rafu ya tatu kutoka juu, nikachukua diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi.

Kwenye ukuta wa duka langu kuna karatasi niliyoibandika kwa mkono wangu: BILA CHETI CHA DAKTARI HATUTOI. Nilipita chini ya karatasi ile kila jioni kwa miezi mitatu. Methali ya mficha maradhi ninaijua, nimewasomea wateja wengi. Aliyeniumbua ni binti anayenisaidia dukani, tulipokuwa tunahesabu mali. "Bosi, hizi hazilingani na daftari." Hakusema lingine. Alishika daftari tu, akanitazama usoni, akageuza ukurasa.

Jioni ile nilimpigia daktari niliyesoma naye. Akanipangia namna ya kuziacha kidogo kidogo, maana dawa zile huziachi kwa siku moja, na akanipa namba ya dada mnasihi. Nyumbani nikasema nina semina kila Alhamisi. Mnajua wenyewe: mtaani kwetu ukisema unamwona mtaalamu wa akili, watu wanauliza basi la Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, linaondoka saa ngapi.

Nani mkubwa humu ndani?

Siku ya kwanza alinifungulia mlango akasema, "Shikamoo kaka." Nikasema, "Marahaba."

Tukawa tumeshaharibu.

Mimi nina miaka 47. Yeye sidhani kama ametimiza 33. Ukishaipokea shikamoo ya mtu umeshakuwa mkubwa wake, na mkubwa ana kazi zake: anauliza habari za wazazi, anaonya, anashauri. Halii mbele ya aliyemwamkia, wala hasemi kwamba anaogopa kulala. Vikao viwili vya mwanzo nilivitumia kumhudumia yeye. Alikuwa na kikohozi, nikamwambia anunue nini na asinunue nini. Nikamwonya kuhusu mkataba wa pango wa jengo lile. Yeye akawa anasikiliza tu, anaitikia, na mimi nikawa nakwenda nyumbani nimeridhika kwamba tiba inaendelea.

Kikao cha tatu akasema, "Kaka, nimehesabu. Tangu tuanze umenishauri mambo manne. Mimi nimekushauri mangapi?"

Nikacheka. "Hakuna."

"Na kikohozi kimepona. Tuanze kuongea?"

Tukakubaliana, kwa maneno kabisa, kwamba shikamoo inaishia mlangoni. Ndani ni kaka na dada, hakuna mkubwa. Tukitoka, kila mtu anachukua umri wake. Inaonekana jambo dogo. Kwangu siku ile ndiyo niliyoanza matibabu, ingawa risiti zinasema nilianza wiki mbili kabla.

Baadaye nilimsoma Carl Rogers, yule Mmarekani ambaye mwaka 1957 aliandika masharti anayoona yanatosha kumbadilisha mtu: mnasihi awe mkweli wa nafsi yake, ampokee mteja bila masharti, na amwelewe kana kwamba yumo ndani yake. Maneno mazuri. Lakini Rogers alikuwa na bahati ya lugha isiyo na marahaba. Sisi kabla hatujafika kwenye kupokeana, kuna suala la nani alizaliwa lini.

Mseto

Cheti chake ukutani kimeandikwa unasihi jumuishi na tiba ya kisaikolojia kwa watu wazima. Nikamuuliza hilo jumuishi ndilo nini.

Akaniambia amesomea njia kadhaa. Kuna hiyo ya Rogers ya kumsikiliza mtu. Kuna ya Aaron Beck, daktari wa Philadelphia aliyeanza miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa wa sonona kuyashika mawazo yao na kuyahoji. Kuna ya kurudi utotoni, ukoo wake unaanzia kwa Freud, yule daktari wa Vienna. Na kuna ile ya kiti, ya Fritz Perls. Yeye hafungamani na moja. Anachukua kulingana na mtu aliye mbele yake na hatua aliyofikia.

"Kumbe mseto," nikasema.

Yeye alifikiria wali na choroko. Mimi nilikuwa nimefikiria malaria.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia, na yalikuwa ya kitaalamu kabisa. Dawa mseto ninaijua. Klorokwini ilipochoka tukaiacha mwaka 2001, tukaingia kwenye SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, nayo ikachoka, na mwaka 2006 tukahamia mseto wa artemetha na lumefantrini. Sababu inaeleweka: vimelea huzoea dawa iliyo peke yake. Moja inapiga haraka, nyingine inabaki mwilini siku kadhaa ikimalizia. Vipimo vya mchanganyiko ule vimewekwa kiwandani, umejaribiwa kwa maelfu ya watu, umefungwa, umeandikwa mwisho wa matumizi. Hakuna mfamasia anayechanganya kaunta kwa kuangalia uso wa mteja. Nikifanya hivyo saa nne asubuhi, saa nane duka limefungwa na mimi niko kituoni.

Dada huyu anafanya hivyo hivyo. Anachanganya kaunta.

Nilianza kusoma usiku, kwa kuwa usiku nilikuwa nao mwingi. Nikitafuta dawa safi, isiyochanganywa, sikuipata. Hata kiti kile Perls hakukibuni: wazo la kuzungumza na mtu asiyekuwepo kwenye kiti kitupu alilichota kwa Jacob Moreno, mtu wa tiba ya maigizo. Perls mwenyewe alizaliwa Berlin, akaishi Johannesburg zaidi ya miaka 10, ndipo akaenda Marekani. Johannesburg hiyohiyo alizaliwa, mwaka 1932, Arnold Lazarus, ambaye alikuja kusema wazi kuwa mbinu unaweza kuiazima popote bila kuoa nadharia iliyoizaa. Wenzake walimpinga: ukichukua mbinu bila nadharia unaokoteza tu. Ugomvi huo ni wa siku nyingi, na kuna chama cha kimataifa tangu 1983 ambacho kazi yake ni kuuchunguza.

Iliyonikalisha macho zaidi ni hesabu ya Michael Lambert, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1992 alikadiria nini kinamponya mtu anayekwenda kwenye tiba ya mazungumzo. Asilimia 40 akayapa mambo yaliyo nje ya chumba: maisha ya mtu, watu wake, bahati yake. Asilimia 30 akayapa yale yanayopatikana katika kila tiba, na kubwa lao ni uhusiano wa wawili wale. Matumaini peke yake, 15. Mbinu, yaani kiti, karatasi, na vyote vinavyoandikwa kwenye vyeti, 15. Ni makadirio, na wataalamu wanayagombania hadi leo.

Fikirieni mnavyoniona mimi nikisoma hivyo. Kidonge ambacho kiini chake kinafanya asilimia 15 ya kazi, na namna ya kukikabidhi inafanya 30! Ningekirudisha kiwandani.

Halafu nikalikumbuka benchi langu.

Mbele ya duka kuna benchi la mbao. Kuna mama mmoja anakuja karibu kila siku, ananunua Panadol mbili, anakaa. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Ananieleza habari za mwanawe aliyeko Oman asiyepiga simu, miguu yake, mwenye nyumba wake. Akiinuka anasema, "Haya mwanangu, nimepoa." Panadol bado ziko kwenye karatasi. Nimelijua hilo kwa miaka 11 na sijawahi kuliandika kwenye daftari lolote.

Kufunga na kufungua

Kuhusu mabenchi, wenzetu wa Harare, Zimbabwe, wametutangulia. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini ambao mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imebomoa makazi mengi. Hakukuwa na chumba cha kliniki wala wataalamu wa kutosha, basi wakawekewa mabenchi nje. Bibi wakafundishwa njia ya kumsaidia mtu kulitaja tatizo lake, kulichagua moja, na kulitafutia hatua anayoiweza. Utafiti wao ulitoka mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mbinu ilitoka vitabuni. Bibi walitoka Mbare. Huo nao ni mseto.

Ninachokipenda zaidi ni maneno yao. Kwa Kishona, kufikiri ni *kufunga*. Kufikiri kupita kiasi, mpaka mtu haoni usingizi, ni *kufungisisa*. Sikio la Mswahili linasikia kamba na kufuli, na sidhani kama linakosea sana. Na hatua ya kwanza bibi wanaiita kuzifungua fikra.

Msije mkanielewa vibaya mkafunga hospitali. Mtu anayesikia sauti, au anayepanga kujiua, hahitaji benchi langu na Panadol mbili, anahitaji daktari leo hii. Na mimi diazepamu sikuiacha kwa maongezi, niliiacha kwa ratiba iliyoandikwa na mtu aliyesomea. Tena siku hizi naona matangazo ya "wanasihi" wa kozi ya siku mbili wanaoahidi mchanganyiko wa kila kitu. Anayechanganya lazima kwanza akijue kila kiungo peke yake. Ukimwendea yeyote, muulize alisomea wapi na nani anamsimamia. Akikasirika, umeshajibiwa.

Safu ya tano

Baada ya siku ya kiti nilikaa wiki tatu bila kwenda. Nilituma ujumbe kuwa nimebanwa na kazi. Alijibu, "Sawa kaka. Alhamisi saa kumi ni yako, nitakuwepo." Hakubembeleza.

Kabla ya hapo alikuwa amenipa karatasi yenye safu tano, hiyo ya ukoo wa Beck. Tukio. Wazo lililokujia. Hisia. Ushahidi unaoliunga mkono wazo hilo. Ushahidi unaolipinga. Niliijaza kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Kwenye tukio niliandika "simu". Kwenye wazo: "Baba alikufa akinisubiri." Hisia nikaweka neno moja ambalo sitaliandika hapa. Safu ya nne ilijaa mpaka nikaandika pembeni. Ya tano ilikuwa tupu, na dada mnasihi aliniuliza habari za safu ile vikao viwili mfululizo. Nikamwambia hakuna cha kuandika. Nilitafuta kweli, sikukiona.

Jumamosi moja nikarudi nyumbani nikaikuta karatasi mezani, imebanwa na kopo la sukari. Ilikuwa imelowa ikakauka, wino umetanuka kama doa la chai. Mke wangu aliikuta kwenye mfuko wa shati wakati analoweka nguo.

Safu ya tano ilikuwa imejazwa. Kwa penseli ya mtoto, kwa yale maandishi makubwa ya mke wangu:

*Tarehe 3 ulimtumia hela ya dawa. Tarehe 5 alinipigia mimi, tukaongea karibu nusu saa. Alicheka sana. Aliuliza kama bado unakoroma.*

Baba alinipigia tarehe 2. Alifariki tarehe 11.

Nilisimama na kile kikaratasi mpaka chai ikapoa. Mke wangu alikuwa jikoni, anakuna nazi, hageuki. Nikamuuliza mbona hukuniambia kama mliongea. Akasema, "Nilikuambia usiku uleule. Ulikuwa unahesabu dawa, ukasema 'eeh'." Akaendelea kukuna. Kisha akasema, "Na hiyo semina. Semina gani ya miezi miwili haina hata posho?"

Alikuwa anajua tangu wiki ya pili.

Hili nimelifikiria sana kuliko hata kiti. Karatasi ya Beck inamchukulia mtu kwamba mawazo yake yamo kichwani mwake, na ushahidi wake umo humohumo, akitafuta vizuri ataupata. Mimi wangu haukuwemo. Ulikuwa kwenye kichwa cha mwingine, kwenye beseni la nguo. Nusu ya maisha yangu na baba aliyahifadhi mke wangu: yeye ndiye aliyekuwa anapokea simu, yeye ndiye aliyejua magoti yanamuuma siku gani. Nilikuwa nimekwenda kujichunguza nikiwa nimemwacha nyumbani mtunza kumbukumbu.

Nadhani Lambert angeliweka hilo kwenye zile asilimia 40.

"Niliharakisha"

Alhamisi iliyofuata nilirudi. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Tukakivuka kizingiti.

Kiti cha bluu kilikuwa kwenye kona yake, juu yake mkoba wake. Kabla sijakaa sawasawa akasema, "Nimekuwa nakifikiria kile kiti. Nimezungumza na msimamizi wangu pia. Niliharakisha, kaka. Nilikuona ulivyojiweka sawa kabla hujafungua mdomo, nikajua, lakini nilikuwa nimeshakivuta."

Nimekaa kwenye sekta ya afya zaidi ya miaka 20. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuniambia aliharakisha. Na mimi sijawahi kumwambia mteja.

Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma taratibu, akafika kwenye kukoroma akatabasamu, hakusema kitu. Tulikaa hivyo muda. Kisha akauliza:

"Kwenu mtu akienda makaburini, anaanzaje?"

Yeye ni Mkristo wa Mbeya. Alikuwa anauliza kweli, hajui jibu.

"Anasalimu," nikasema.

"Anasubiri kuitikiwa?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga.

*Assalaamu alaykum yaa ahlal-qubuur.* Nimeijua salamu hiyo tangu chuoni, nina miaka saba, mwalimu anatupitisha na kifimbo. Unawasalimu watu wa makaburini, unawaombea, unaendelea na uliyoyajia. Hukai ukingoja. Ipo salamu ya aliye hai na ipo ya aliyetangulia, na mimi mwaka mzima nilikuwa nampa baba isiyo yake.

Nilimuuliza dada mnasihi hiyo ndiyo mbinu gani, imetoka kwa nani. Perls? Rogers?

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Nakiri kwamba jibu lile halikunifurahisha. Mfamasia ndani yangu anataka lebo. Anataka ajue kiini, dozi, na nani wa kulaumiwa ikileta madhara. Lakini nimejiuliza pia: kama angeng'ang'ania kiti, kwa kuwa ndicho alichosomea na ndicho kilichoandikwa, tungekuwa wapi? Na kama asingekivuta kabisa, ile shikamoo ingetoka lini? Kwa hiyo siwezi kusema kiti kilikuwa kosa. Siwezi kusema kilikuwa sahihi. Kilikuja mapema, kikafungua kitu, na aliyekivuta alijua kukirudisha kwenye kona akaweka mkoba juu yake.

Hilo la kurudisha halimo kwenye cheti chake. Nilikisoma tena wakati natoka.

Tanga

Nilikwenda Ijumaa iliyopita, peke yangu, basi la asubuhi. Segera nilinunua machungwa, mara ya kwanza tangu siku ile. Sikuyala, niliyabeba tu mpaka nyumbani.

Baada ya sala tukaenda makaburini na mdogo wangu. Nikasalimu, ile ya huko. Nikasoma Yasini, sauti ikakatika mahali pawili nikaendelea. Nilipomaliza nilikuwa na mengi niliyoyapanga kwenye basi, nimeyapanga kwa utaratibu kabisa, lakini lililotoka ni moja:

"Baba, nilikuwa na wateja."

Mdogo wangu alikuwa pembeni anaondoa majani. Nikamuuliza swali ambalo kwa zaidi ya mwaka sikuwahi kumuuliza mtu. Ile tarehe 2, baba aliponipigia, alikuwa anataka nini?

Akasimama, akafikiri. "Tarehe 2? Siku ya kifurushi?"

"Kifurushi gani?"

"Si alijiunga kifurushi, kaka. Dakika zikawa zinaisha saa sita usiku. Akasema hawezi kuwaachia wenye mtandao hela yake. Alipiga kwa kila mtu aliyemo kwenye simu. Alimpigia mpaka fundi bomba, akamuuliza hali ya mkewe."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikachutama, mkono kwenye kaburi la jirani, na mzee anayeangalia makaburi akasimama na jembe lake akitutazama. Mdogo wangu hakuelewa. Kisha akaanza kucheka na yeye, kwa sababu ya fundi bomba.

Kwenye basi la kurudi nikaitoa karatasi. Nikaandika kwa chini, mstari mpya: *kifurushi, saa sita usiku, fundi bomba.* Penseli ikakaa hewani. Hakunisubiri, basi ni la safu ya tano. Lakini alikuwa na dakika za kumaliza na mimi nilizikataa, kwa hiyo ni la nne. Tulivuka Wami bado naiangalia.

Kesho ni Alhamisi. Nitamwonyesha.